Siku sita Almuñécar, Uhispania: nilimpeleka mama baharini, akaniuliza nani alikuwa anakata miwa

MtoPangani (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, salaam. Niliahidi kwamba nikirudi safari nitasimulia. Nimerudi, mama amelala chumba cha pili, nina usiku mzima.

Mama yangu mzazi alikuja kunitembelea huku Ulaya mwezi wa kumi. Ana miaka 71, mzaliwa wa Pangani, na tangu ashuke kwenye ndege alikuwa na ombi moja tu: "Mwanangu, nionyeshe bahari ya huku." Ninapoishi hakuna bahari, kuna mto na baridi. Nikaomba likizo ya wiki moja, nikatafuta mji mdogo wa pwani ambao mwezi Novemba bado una jua na watalii wameshaondoka. Ndipo nikaangukia Almuñécar, mkoa wa Granada, kusini mwa Uhispania.

Goti la kulia linamsumbua, kwa hiyo hatukukimbizana na vivutio. Kuna siku tulitembea mita mia nne, tukakaa kwenye benchi, tukaona imetosha. Na nawaambia ukweli, mji ule nimeujua kwa sababu ya goti la mama. Ningekuwa peke yangu ningeumaliza kwa siku moja na nisingeona kitu.

Tulitua Málaga, tukapanda basi la kwenda mashariki, kama kilomita 80. Basi letu lilifuata barabara ya zamani, milima upande mmoja na bahari upande wa pili. Tulipoipita Nerja likatokea bondeni daraja la matofali mekundu, matao juu ya matao, ghorofa nne. Mama akadhani ni reli. Nikasoma kwenye simu: ni mfereji wa karne ya 19, ulijengwa kupeleka maji kwenye kiwanda cha sukari cha Maro.

"Sukari?" akasema. "Huku Ulaya? Ya miwa?"

Ya miwa, mama. Akanyamaza mpaka tulipofika stendi.

Naendelea kesho, macho yamechoka.

kijana_wa_Temeke

Mkuu hapa nimeweka kambi. Ukiweka mwendelezo nistue.

Shangazi wa Chumbageni

Mwanangu umefanya jambo kubwa kumpeleka mama. Wengi wetu tunawaita wazazi Ulaya wanaishia kukaa ndani wakiangalia theluji dirishani. Endelea, na mama mpe salamu za Tanga.

Mkulima_Bungoma

Miwa Ulaya? Mimi nimezaliwa ndani ya miwa huku Magharibi mwa Kenya, na sijawahi kuskia. Si kule kuna baridi, mmea hufa?

MtoPangani

> Si kule kuna baridi, mmea hufa?

Swali zuri, na jibu lake liko nyuma ya mji. Nyuma ya Almuñécar kuna safu ya milima ya Sierra Nevada, kilele chake cha Mulhacén kina karibu mita 3,480, kina theluji nyingi. Milima ile inauzuia upepo wa baridi wa kaskazini usifike pwani. Mbele ni bahari yenye joto. Katikati panabaki ukanda mwembamba, wenyeji wanauita Costa Tropical, ambapo barafu haishuki. Kule ukiinua macho unaona theluji, ukiyashusha unaona mwembe na mparachichi. Mama alisimama barandani asubuhi ya kwanza akasema kama Lushoto ingeshushwa ikawekwa Pangani ingekuwa hivi.

Sasa niwaelezee mji. Ufukwe wake haufanani na wetu: mchanga ni wa kijivu, mzito, umechanganyika na kokoto, hauwezi kutembea peku kwa raha. Lakini kuna njia pana ya kutembea kwa miguu pembeni ya bahari, na mabenchi kila baada ya hatua chache. Katikati ya ufukwe linaingia jabali baharini, Peñón del Santo, juu yake umesimikwa msalaba mkubwa. Na chini ya jabali lile kuna sanamu ya shaba ya mwanamume mwenye kilemba na upanga, ameuelekeza uso mjini.

Mama akauliza ni nani. Ni Abdulrahman bin Muawiya. Hadithi yake nilimsimulia tukiwa tumekaa palepale chini ya sanamu, na nitawasimulia hivyohivyo.

Mwaka 750 ukoo wa Bani Umayya uliokuwa ukitawala kutoka Damascus ulipinduliwa na Bani Abbas. Washindi hawakutaka kubakiza mtu. Waliwasaka Bani Umayya nyumba kwa nyumba. Abdulrahman alikuwa kijana wa miaka kama 19, alikimbia na mdogo wake mpaka mto Furati. Wakajitupa majini waogelee. Askari wakiwa ukingoni wakawaita, rudini, hamtadhurika. Mdogo, mtoto wa miaka 13, akachoka, akageuka. Abdulrahman alimwita asirudi. Alipofika ng'ambo akatazama nyuma na kuona mdogo wake anauawa.

Kutoka hapo ni miaka mitano ya kujificha: Palestina, Misri, Afrika Kaskazini. Mama yake alikuwa Mberberi wa kabila la Nafza, kwa hiyo mwisho alipata hifadhi kwa wajomba zake. Akamtuma Badr, aliyekuwa mtumwa wake kisha akawa huru, avuke bahari akapime hali huko Andalusia, yaani Uhispania iliyokuwa chini ya Waislamu. Badr akarudi na habari njema. Mwezi Agosti mwaka 755 Abdulrahman akashuka kwenye pwani hii ya Almuñécar. Mwaka uliofuata akaichukua Córdoba, akatawala mpaka alipofariki mwaka 788. Msikiti mkuu wa Córdoba ambao dunia nzima inausafiria, ujenzi wake yeye ndiye aliyeuanza.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema: "Miaka yote hiyo, na yule mdogo wake anamuona kila akifumba macho." Akaomba tumsomee Fatiha yule mtoto wa mtoni. Tukasoma.

Mwana wa Maskati

Mwenzangu, umenitoa machozi, ahsante sana. Mimi n'mwenye asili ya Unguja, nipo Maskati mwaka wa 20 na zaidi, na Abdulrahman huyu tumesomeshwa skuli. Waarabu wanamwita "ad-Dakhil", yaani aliyeingia. Anakumbukwa pia kwa beti alizouambia mtende mmoja aliouona kule Andalusia, kwamba wewe na mimi sote tupo mbali na kwetu.

Na jina la mji: Almuñécar linatokana na "Hisn al-Munakkab". Hisn ni ngome. Huko nyuma Wafoinike, mabaharia wa kale kutoka pwani ya Lebanoni, waliuita Seks, Warumi wakauita Sexi, na mpaka leo watu wa hapo wanaitwa "sexitanos".

Je, mama hakuyasikia maneno? Kihispania kimejaa maneno ambayo na sisi tunayo.

MtoPangani

Mwana wa Maskati, umegusa penyewe! Nilikuwa nalileta hilo.

Siku ya pili tulikaa kwenye kimkahawa karibu na soko, mama na chai yake, meza ya jirani wazee wawili wanabishana. Ghafla mama akanishika mkono: "Wamesema fulani." Nikamwambia hapana mama, hicho ni Kihispania. "Nimesikia. Fulano. Fulano kafanya hivi." Nikamuuliza mwenye mkahawa, akacheka, akasema ndiyo, fulano ni mtu usiyemtaja jina. Fulani kabisa!

Kuanzia hapo mama akawa anavua maneno kama mtu mwenye mshipi. Duka la viungo: *azafrán*, zafarani. Sukari kwenye meza: *azúcar*. Sahani ya zeituni: *aceituna*. Kila mtu akiagana anasema *hasta* hivi, *hasta* vile, nikamwambia maana yake ni mpaka, akasema basi ni "hata" ya zamani, ile ya "hata siku moja akatokea". Meya wa mji anaitwa *alcalde*, na asili yake ni al-kadhi. Mtaa ni *barrio*, na Mwana wa Maskati atanisahihisha, nimesoma kwamba linatoka kwenye neno moja na "bara" yetu, kwa maana ya nje ya mji.

Mwana wa Maskati

Sahihi. Barr ni nchi kavu, na barri ni cha nje huko. Ongeza na *tarifa*, orodha ya bei, ndugu yake ni taarifa. *Jarabe*, dawa ya maji ya kikohozi, mzizi wake ni mmoja na sharubati. *Aduana*, ofisi ya ushuru wa forodha, asili yake ni diwani. Na *ojalá*, wanalisema kila dakika wakitamani kitu: ndani yake lipo jina la Mwenyezi Mungu, na Wakatoliki wanalitamka bila kujua wametamka nini.

Sisi tumeyapata kwa majahazi ya kaskazi, wao wameyapata kwa karne karibu nane za kukaa pamoja.

kijana_wa_Temeke

Kumbe! Sasa mkuu, maswali ya vitendo. Chakula cha Waislamu kinapatikana? Na gharama?

MtoPangani

Samaki, kijana. Ukiwa pwani kula samaki na huna wasiwasi. Wanabanika sardini sita sita kwenye kijiti cha tete, moto wa kuni umewashwa ndani ya mashua iliyojazwa mchanga, iko palepale ufukweni. Hakuna kiungo zaidi ya chumvi. Mama alikula vijiti viwili peke yake. Halafu kuna bilingani za kukaanga zinamwagiwa asali ya miwa juu. Usicheke kabla hujaonja. Na katika mkoa wa Granada ukiagiza kinywaji, hata soda, unaletewa kisahani cha chakula bila malipo. Uliza kwanza kama kina nyama ya nguruwe.

Gharama sitataja kwa sababu zinabadilika kila msimu, ila nenda Novemba. Na ujue kwamba kuanzia saa nane mchana mpaka jioni jioni maduka mengi yanafungwa, watu wanakwenda kupumzika. Kwa mtu mwenye mama mwenye goti ni baraka.

Nirudi kwenye mji. Katikati kuna bustani inaitwa El Majuelo, mitende na miti mingine kutoka pembe zote za dunia, na katikati ya miti hiyo kuna mashimo ya mraba ya mawe, kama mabafu mengi yaliyopangwa pamoja. Ni kiwanda cha kutia samaki chumvi. Wafoinike ndio waliokianzisha, Warumi wakakiendeleza mpaka karne ya 4 BK. Samaki wa chumvi wa mji huu walikuwa na jina mpaka Strabo, mwanajiografia wa zamani, akawaandika. Pamoja na samaki walitengeneza mchuzi wa matumbo ya samaki yaliyoozeshwa kwa chumvi juani, Warumi waliupenda kupita kiasi na walilipa bei kubwa. Mama alizunguka mashimo yale yote akihesabu. Yeye amekulia kwenye ng'onda na papa mkavu, hakuhitaji mtu wa kumweleza. Alinionyesha jinsi kuta za ndani zilivyopigwa lipu ili maji ya chumvi yasivuje, jambo ambalo mimi sikuliona.

Kwenye makumbusho madogo ya Cueva de Siete Palacios, yaliyo ndani ya vyumba vya chini vya Kirumi, kuna chombo cha jiwe chenye maandishi ya Misri na jina la Firauni Apepi wa Kwanza, aliyetawala zaidi ya miaka 1,500 KK. Chombo hicho kilikuwa tayari kikongwe sana kilipofika hapa, yaelekea na Wafoinike. Kimekaa tu kwenye kabati la kioo, kwenye mji mdogo ambao wengi huja kuogelea. Nilikiangalia muda mrefu. Makaburi ya Wafoinike yaliyofukuliwa hapa mjini miaka ya 1960 nayo yalikuwa na vyombo vya alabasta vya Misri vyenye majina ya mafirauni, vikitumika kuhifadhia majivu ya maiti.

Mfereji wa maji wa Warumi upo pia, kipande kimoja kiko karibu na stendi ya basi, watu wanaegesha magari pembeni.

Shangazi wa Chumbageni

Mama kahesabu mashimo ya ng'onda! Huyo ni Mpangani haswa. Sasa miwa iko wapi? Kichwa cha uzi umesema miwa na sijaiona bado.

MtoPangani

Shangazi, nilikuwa naiogopa sehemu hii, ndiyo maana nazunguka. Ngoja niiandike.

Waarabu na Waberberi ndio walioleta miwa Andalusia. Kalenda ya kilimo iliyoandikwa Córdoba mwaka 961 tayari inaitaja. Kwenye mabonde ya pwani hii walichimba mifereji, *acequia* kwa Kihispania (neno la Kiarabu tena), wakatoa maji ya theluji mlimani wakayaleta kwenye miwa. Mji ulipokabidhiwa kwa wafalme wa Kikristo mwishoni mwa mwaka 1489, miaka miwili kabla ya Granada yenyewe, miwa iliendelea. Kutoka Visiwa vya Canary, ambako ilikuwa imeshafika, Columbus akaipeleka Karibi mwaka 1493 katika safari yake ya pili. Yaliyofuata kule mnayajua. Mamilioni ya watu wetu wa Afrika walivushwa Atlantiki, na sehemu kubwa yao walivushwa kwa ajili ya mmea huu.

Hapa pwani ya Granada miwa iliendelea kulimwa kwa miaka kama elfu moja. Karne ya 19 vikaja viwanda vya mvuke, ndiyo enzi ya lile daraja la Nerja, na ukoo wa Larios wa Málaga ukawa na viwanda na mashamba pwani nzima upande wa magharibi. Kiwanda cha mwisho kabisa kilikuwa Salobreña, mji wa jirani, kikafungwa mwaka 2006. Siku ya nne tulikwenda kwa basi. Kutoka mlimani unaona bonde lote la mto Guadalfeo, tambarare ya kijani inayofika baharini. Zamani yote ilikuwa miwa. Sasa ni parachichi, maembe, nyumba. Pembeni ya mfereji mmoja tukakuta vishina vya miwa vimejiotea vyenyewe, kama kumi hivi.

Mama akakata jani, akalinusa.

Kwa wasioijua Pangani: kando ya mto wetu, karne ya 19, kulikuwa na mashamba makubwa ya miwa ya Waarabu. Miwa ilikamuliwa kwenye vinu, maji yakachemshwa kwenye masufuria makubwa ya chuma, sukari ikaenda Unguja na Arabuni. Waliokata na kuchemsha walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara. Hili linajulikana, ila nyumbani kwetu halizungumzwi.

Mama akiwa ameshika lile jani akaniuliza: "Na huku, nani alikuwa anakata?"

Nikaanza kumweleza viwanda, mvuke, miaka. Akanikatiza. "Sikuulizi mwenye kiwanda. Nauliza nani alikuwa anakata." Halafu, bila kunitazama: "Bibi yangu mzaa mama alizaliwa shambani. Kwenye miwa. Mama yake aliletwa akiwa mtoto, wala kabila lake hakulijua."

Nina miaka 43, ndugu zangu. Hilo nimelisikia kwa mara ya kwanza Salobreña, Uhispania, kando ya mfereji.

Shangazi wa Chumbageni

Allah amrehemu huyo bibi na mama yake. Mwanangu, wala usimlaumu mama kwa kunyamaza. Pwani nzima imenyamaza. Watu wakiulizwa asili wanataja Uajemi na Yemeni, hakuna anayetaja shamba.

Mkulima_Bungoma

Nimesoma hii post mara tatu. Kukata miwa si mchezo. Majani yanakata ngozi kama wembe, na wakichoma shamba kwanza ndio yapungue, unakata ukiwa mweusi masizi mpaka ndani ya masikio. Watu huona tu sukari mezani. Huku kwetu sukari nguru bado huchemshwa kwa sufuria wazi, usiku kucha unachochea, ukisinzia inaungua. Swali la mama ni la mtu anayejua kazi. Ulimjibu?

Mwalimu Mstaafu

Naomba nichangie, historia nimeifundisha miaka 30.

Jibu la swali la mama linabadilika kwa zama. Wakati wa Waislamu wa Granada walikuwa hasa wakulima wenyewe wa mabonde yale. Baada ya ushindi wa 1492 walibaki, wakalazimishwa kubatizwa, wakaitwa Wamorisko. Mwaka 1567 walipigwa marufuku lugha yao, mavazi yao, hata mabafu yao. Mwaka 1568 wakaasi, vita ya milimani Alpujarra ikaenda mpaka 1571. Walioshindwa walitawanywa sehemu nyingine za Uhispania, na kati ya 1609 na 1614 wakafukuzwa nchini kabisa, karibu watu 300,000 kutoka Uhispania nzima. Wengi waliishia Moroko, Aljeria na Tunisia. Waliochimba ile mifereji hawakupewa nafasi ya kuendelea kunywa maji yake.

Karne ya 19 na 20 wakataji walikuwa vibarua maskini walioshuka kila msimu kutoka milimani. Msimu wa kukata waliuita "monda".

Na kwa nini sukari ya miwa ilikufa: sukari ya viazisukari kutoka Ulaya ya kaskazini iliibana tangu karne ya 19, halafu ardhi ikapanda bei kwa ajili ya nyumba za pwani, na mwisho mageuzi ya sukari ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 yakashusha kwa asilimia 36 bei ya sukari iliyokuwa ikilindwa. Kiwanda kidogo hakiwezi kuhimili hapo.

MtoPangani

Mwalimu, shikamoo, na ahsante. Usiku ule chumbani nilisoma nikamjibu karibu hayohayo, bila mpangilio wako. Nilipofika kwenye vibarua wa milimani akasema, "Basi hao ndio." Akalala.

Kuna jambo jingine la barabara. Mama mwenye nyumba tuliyopanga, mtu mzima wa miaka ya 70 hivi, siku ya tano alimletea mama tunda akakaa naye. Hawana lugha moja, mimi natafsiri na simu inatafsiri. Alisema mama yake mzazi, akiwa mtoto wa miaka sita, aliipita barabara hii ya pwani kwa miguu Februari 1937. Ilikuwa vita ya wenyewe kwa wenyewe. Málaga ilipoanguka mikononi mwa jeshi la Jenerali Franco, mwasi aliyekuja kuitawala Uhispania, na Waitaliano waliomsaidia, watu kwa makumi ya maelfu, wanawake, wazee, watoto, walikimbia kuelekea Almería, kilomita kama 200, barabara moja tu kati ya mlima na bahari. Meli za kivita zikawapiga mizinga kutoka baharini, ndege zikawapiga kutoka juu. Maelfu walikufa. Daktari wa Kanada, Norman Bethune, aliyekuja na gari la kuwaongezea majeruhi damu, alikutana na msafara ule akaacha kazi aliyoifuata, akawa anabeba watu siku na usiku.

Ni barabara ileile tuliyopita na basi, mama akiangalia bahari dirishani.

Yule mama alisema nyumbani kwao halikuzungumzwa mpaka Franco alipokufa mwaka 1975, na hata baada ya hapo kwa sauti ya chini. Mama yangu akamshika mkono. Sikutafsiri chochote kwa muda.

kijana_wa_Temeke

Mkuu nilikuja kuuliza bei, sasa nimempigia bibi Kilwa. Nimemuuliza wazazi wake walitoka wapi. Amesema nije nyumbani, si mambo ya simu.

Mwana wa Maskati

Nenda kijana. Nenda mapema.

Na ngome, mliipanda? Juu ya mji nimeona pichani.

MtoPangani

Ngome ya San Miguel, siku ya mwisho, kwa mapumziko kumi na moja, nilihesabu. Vichochoro vya juu ni kama Mji Mkongwe ukiupaka chokaa nyeupe na kuuinamisha. Ngome imepita kwa Warumi, Waislamu, Wakristo. Ndani kuna shimo la gereza, *mazmorra*, jina lake nalo la Kiarabu. Wakati wa vita dhidi ya Napoleon ilipigwa mizinga na Waingereza ikabaki gofu, halafu mji ukaifanya makaburi mpaka miaka ya 1980, ndipo maiti wakahamishwa na ngome ikafukuliwa. Mama alipojua kwamba tulikuwa tumekaa palipokuwa makaburi alivua viatu.

Lile tunda sasa. Linaitwa chirimoya, ni kijani, ganda kama lina alama za vidole. Mama alilipasua, akaonja, akasema: "Hili topetope." Karibu kabisa! Chirimoya, topetope na stafeli ni ukoo mmoja. Asili yake ni milima ya Andes, na pwani hii imeifanya kuwa zao kuu. Mdudu anayechavusha ua lake kule Andes huku hayupo, kwa hiyo mkulima anachukua chavua kwa brashi ndogo, anapita ua kwa ua, mti kwa mti. Mbegu zake zisitafunwe, zina sumu.

Mama anataka kupanda Pangani. Nimemwambia joto litaizidi, inataka milimani.

Shangazi wa Chumbageni

Lushoto itakubali. Mwambie afuate taratibu za mbegu uwanja wa ndege asije akanyang'anywa.

Na mimi nina neno, nimelishikilia tangu jana. Upande wa baba yangu ni Pangani, ng'ambo ya mto. Uani kwa bibi kulikuwa na sufuria kubwa la chuma, zito, watu wanne hawalinyanyui. Tulipokuwa wadogo lilikuwa la kunyweshea mbuzi. Tukiuliza lilitoka wapi tunaambiwa "la zamani". Nimesoma hapa masufuria ya kuchemshia sukari, nikakaa chini. Bado lipo, kaka yangu yupo pale.

MtoPangani

Shangazi, nimemsomea mama asubuhi hii. Anauliza: lina masikio mawili au manne?

Shangazi wa Chumbageni

Nimempigia kaka sasa hivi, ametoka uani kuangalia. Manne. Moja limevunjika.

MtoPangani

Mama anasema hilo lililovunjika, upande wake kuna mahali pamesuguliwa pakawa laini, pa mkono. Bibi yake alikuwa anamwonyesha kwenye sufuria la kwao. Anaomba kaka yako apapase aangalie.

Shangazi wa Chumbageni

Pako.